Damu Njiani Kwenda kwa Mama Mkwe

Mbuni dume alimfukuza Kisemei karibu nusu kilomita, na Adero alicheka mpaka baiskeli yake ikayumba na kuingia mchangani. Hakuwa amewahi kumwona mwanaume mzima akikanyaga pedali namna ile, magoti yakipanda hadi kidevuni na shati likipepea mgongoni, huku nyuma yake ndege yule mkubwa akitimka kwa miguu yake mirefu, mabawa yamefunguka, shingo imeiva kwa hasira.

"Kisemei, piga kona! Piga kona!"

"Nipige kona niende wapi?"

Mbuni alirusha teke moja. Likapita hewani, shubiri chache tu kutoka gurudumu la nyuma. Kisha akasimama, akatikisa manyoya, akarudi polepole kwenye mayai yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Kisemei alirejea akihema, jasho likimtiririka hadi shingoni. "Unacheka? Teke ya huyo ndege inapasua mtu tumbo. Nimeona na macho yangu."

Kicheko cha Adero kilikufa. Alimtazama yule mwanaume mrefu aliyeinamia usukani, kifua kikipanda na kushuka, macho yake bado yanang'aa kwa hofu na furaha kwa pamoja. Je, teke lile lingempata kweli?

"Basi usiwahi kufa mbele yangu," alisema. "Umesikia?"

"Nimesikia, daktari."

"Mimi ni nesi."

"Kwangu ni daktari."

Walikuwa wametoka Kitengela alfajiri, na hii ndiyo ilikuwa safari yao ndefu kuliko zote. Kwa mwaka mmoja na nusu, kila Jumamosi ambayo Adero hakuwa zamu kliniki, walipanda baiskeli na kutafuta mahali ambapo nyumba zinaisha. Walijuana siku Kisemei, fundi wa pampu za visima, alipoletwa kliniki kiganja kimepasuliwa na bati. Adero alimshona nyuzi saba. Hakutoa sauti. Alimtazama tu usoni kuanzia uzi wa kwanza hadi wa mwisho, na Adero, aliyekuwa ameshona mamia ya watu bila kutetemeka, alitetemeka.

Leo walikuwa wanaelekea kwa mama yake Kisemei, upande wa Kajiado. Wiki iliyopita alikuwa amemuuliza waziwazi: "Nikupeleke kwetu kama mgeni, ama kama bibi yangu?" Adero alijibu, "Nipeleke kwanza nimwone mama yako. Nikishamwona nitakujibu." Hakuwa akiringa. Baba yake, Mzee Obura, alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba Umaasaini ni mbali, na kwamba mtu huolewa na nyumba nzima. Naye mama yake Kisemei alikuwa amekwisha kumchagulia mwanawe msichana wa kanisani kwao. Kwa hiyo kila kilomita ilimpa Adero furaha, na pia ilimpa kiwewe.

Lakini asubuhi ilikuwa nzuri mno kwa kiwewe. Tangu waache lami pale Kisaju na kushika barabara ya vumbi, kelele za malori ya Namanga zilikuwa zimebaki nyuma. Mvua ya wiki iliyopita ilikuwa imeipa mbuga rangi ya kijani. Swala walisimama makundi makundi wakichezesha mikia. Ngiri na watoto wake wanne walikatiza njia mbio, mikia imesimama wima. Twiga watatu waliwachungulia juu ya migunga wakitafuna. Na mbele kidogo, kongoni wawili madume walikuwa wamepiga magoti wakigongana pembe, kah! kah! hadi vumbi likawafunika.

Walisimama kutazama, bega kwa bega. Damu ilikuwa imeanza kumtoka mmoja karibu na jicho.

"Wanapigania nini?" Adero aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hicho kipande cha nyasi. Na wale wanawake pale."

"Na wale wanawake wanasemaje?"

Kisemei aliwatazama majike walioinamisha vichwa. "Wanakula."

Walicheka. Kisemei akanyoosha mkono, akamtoa Adero jani lililonasa nyweleni, na mkono ule ukachelewa kuondoka shavuni.

Ndipo waliposikia mlio. Haukuwa mlio wa kongoni. Ulikuwa kama mbwa anayebweka huku amekabwa koo, na ulitoka nyuma ya korongo, karibu na ua mpya wa shamba la mtu.

Walimkuta pundamilia jike, mjamzito, amenaswa shingoni na kitanzi cha waya kilichofungwa kwenye nguzo. Alikuwa amezunguka nguzo ile mpaka ardhi ikachimbika. Waya ulikuwa umezama nyamani. Mistari yake myeupe ilikuwa imegeuka myekundu kutoka taya hadi kifuani. Alipowaona alijirusha nyuma, waya ukamkaba, akaanguka, akainuka tena huku akirusha mateke.

"Mungu wangu," Adero alisema.

Kisemei alikuwa ameshatoa koleo la kazi kwenye mkoba wake. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Rudi nyuma. Nyuma kabisa. Huyu hajui tunamsaidia."

Alitambaa kwa tumbo hadi kwenye nguzo. Teke moja liligonga mbao juu ya kichwa chake, vipande vikaruka. Adero aliziba mdomo kwa mikono miwili. Alisikia koleo likibana mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Waya ukakatika kwa mlio mkali. Pundamilia alijirusha mbele, akapita juu ya baiskeli ya Adero na kulikunja gurudumu la mbele, kisha akaondoka mbio, kitanzi kimelegea na kumwanguka njiani.

"Ameenda!" Adero alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Kisemei, ameenda!"

Lakini Kisemei hakuwa anamtazama pundamilia. Alikuwa anasikiliza pikipiki.

Ilikuja moja kwa moja, imebeba wanaume wawili waliojifunga vitambaa usoni. Aliyekaa nyuma alishika rungu. Aliyeendesha alikuwa na panga kiunoni, na aliruka chini kabla pikipiki haijasimama sawasawa.

"Nani amekuambia ukate hiyo waya? Nani?"

Kisemei, aliyekuwa bado amewapa mgongo, alisimama wima taratibu, akageuka. Aliitazama ile pikipiki, kibandiko chekundu kwenye tangi, taa iliyopasuka. Alikuwa ameinunua mwenyewe miaka miwili iliyopita ili mdogo wake apate kazi ya boda.

"Felix," alisema. "Toa hiyo kitambaa."

Yule kijana aliganda. Mwenzake, Oscar, alimtazama. "Unamjua?"

"Toa hiyo kitambaa nikuone, Felix! Nyama ya porini? Kwetu? Ni mwiko! Baba alikufa bila kuonja hata swala, na wewe unaua pundamilia ako na mimba uuzie watu wa bucha?"

Felix alikishusha kitambaa. Alikuwa na uso uleule wa Kisemei, ila mwembamba na mdogo kwa miaka kumi, na aibu iliyokuwa juu yake Adero aliiona wazi. Aliona pia jinsi aibu ile ilivyogeuka hasira. Ilichukua muda wa kupepesa jicho tu.

"Usinitajie Baba!" Felix alifoka. "Wewe ulienda mjini. Ng'ombe zilipokufa na kiangazi ulikuwa wapi? Ulikuwa unaendesha baiskeli na wanawake!"

Kisemei alimzaba kofi. Felix alichomoa panga na kumpiga nalo ubapa shavuni, pwaa! Wakashikana. Walianguka wakavingirika juu ya nyasi zilizolowa damu ya pundamilia, wakipigana ngumi, viwiko na vichwa, wakitukanana kwa Kimaa, kila mmoja akijua wapi mwenzake huumia.

Adero alikimbia kuwaachanisha. Oscar alimdaka mkoba wa mgongoni, akamvuta, akamwangusha kifudifudi. "Wewe tulia hapa, madam." Adero aligeuka akamuuma mkono, akauma kwa meno yake yote hadi akahisi ladha ya chuma. Oscar alipiga mayowe, rungu likamponyoka.

Adero alipolidaka na kunyanyuka, aliona kitu ambacho angekiona tena na tena maisha yake yote. Felix alikuwa juu. Goti lake lilikuwa kifuani kwa kaka yake na panga lilikuwa shingoni, na tayari uzi mwembamba wa damu ulikuwa unashuka kwenye kola.

"Sema tena! Sema tena juu ya Baba!"

"Felix!" Adero alilia. "Felix, huyo ni ndugu yako!"

Felix hakusikia. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hayupo. Aliinua panga juu.

Adero hakufikiri. Rungu lilikuwa mkononi mwake na mkono wenyewe ulijua kazi. Alipiga chini ya kiwiko kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akasikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Panga lilidondoka. Felix alipiga mayowe. Hata swala wa mbali walikimbia.

Oscar hakungoja. Alirukia pikipiki, akaondoka bila kutazama nyuma.

Kulikuwa na kazi kwa mikono ya Adero, ileile iliyokuwa imevunja. Alipiga magoti kando ya Felix.

"Usiniguse!" Felix alimtemea mate. Yalimpata shingoni.

"Nitakugusa. Usiposhikwa vizuri huo mfupa utatoboa ngozi. Kisemei, nitafutie vijiti viwili, vinyoofu. Kisha mshike mabega."

Alimfunga kwa vijiti na tyubu ya akiba ya baiskeli, Felix akipiga kelele na kumlaani kila alipokaza. Kisha akamgeukia Kisemei, akampangusa damu shingoni. Jeraha halikuwa la kina. Upana wa nywele mbili tatu tu zaidi, na lingefika kwenye mshipa. Aliweka paji lake la uso kwenye paji la Kisemei, na wote wawili walikaa hivyo wakihema.

Boma lilikuwa kilomita nne mbele. Walitembea, Kisemei akisukuma baiskeli yake na kuburura ya Adero, Felix akiwa katikati, amekumbatia mkono wake. Walikuwa wamekaribia kuona mabati ya nyumba Kisemei aliposema:

"Tutasema ameanguka na pikipiki."

"Sawa," Felix alisema haraka. "Nimeanguka kwa korongo."

Adero alisimama. "Mimi sitasema hivyo."

"Adero. Yeiyo ako na presha. Akisikia mtoto wake anaua wanyama, na alitaka kunichinja, ataanguka hapo hapo."

"Na akijua baadaye? Nitakaa naye jikoni miaka mingapi na huo uongo?"

"Ni mama yangu, si wako! Ni mara ya kwanza anakuona!"

"Ndiyo maana."

"Hakuna mtu amekuambia umvunje!" Maneno yalimtoka Kisemei kabla hajayaona. "Ungempiga tu mgongo. Wewe ndiye ulivunja mtoto wa watu!"

Upepo ulipita kwenye nyasi. Adero alimtazama kama mtu anayetazama mlango ukifungwa usoni pake.

"Nilimvunja kwa sababu yako," alisema polepole. "Ningevunja wawili kama ungekuwa na ndugu mwingine. Na hiyo pia nitamwambia."

Alitangulia mbele, peke yake.

Mama yao alikuwa amesimama langoni amevaa shuka jipya na shanga zake za Jumapili. Nyumbani kulinukia chai ya maziwa na chapati. Alikuwa ameandaa tabasamu la wageni, ila lilipogongana na mkono wa Felix lilianguka.

"Enkerai ai, mtoto wangu! Umefanya nini?"

"Nimeanguka na pikipiki, yeiyo."

"Pikipiki iko wapi?"

Felix alimtazama kaka yake. Kisemei alitazama chini. Kuku walikuwa wakiparura karibu na miguu yao.

"Hakuanguka, mama," Adero alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Ni mimi nimemvunja. Nimempiga na rungu."

Mama alikuwa ameshika fimbo ya kuchungia ndama. Hakuuliza swali la pili. Fimbo ile ilipanda ikashuka, ikamlamba Adero begani, ikarudi ikamlamba mgongoni. Adero alikunja ngumi, hakusogea. Ya tatu Kisemei aliidaka hewani.

"Yeiyo, wacha!"

"Niachilie! Mwanamke anakuja kwangu siku ya kwanza na damu ya mtoto wangu kwa nguo, na wewe unanishika mimi?"

"Mwachilie," Adero alisema, machozi yakimtiririka. "Ni mtoto wake. Ako na haki. Lakini mama, sikia yote kwanza, halafu unipige. Felix alikuwa amemlalia Kisemei kifuani na panga. Alikuwa ameliinua. Ningengoja, leo ningekuja kukuambia habari nyingine, na hiyo usingeiweza. Wote wawili ni wako. Sikuwa na njia ya kukuletea wote wazima."

Fimbo ilitulia hewani.

"Felix. Ni kweli?"

Felix alianza kulia kama mtoto, bila sauti, mabega yakitikisika. Mama alimgeukia Kisemei. Kisemei alishusha kola yake, akamwonyesha shingo.

"Panga lilikuwa la nini?" Mama aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa imezeeka.

"La pundamilia," Kisemei alisema. "Anatega, yeiyo. Anauza nyama. Nilikata mtego wake."

Mama alikaa chini, palepale vumbini, na shuka lake jipya. Alipoinuka, alimwendea Felix, akamshika sikio kwa nguvu kana kwamba anataka kuling'oa, akamwambia kitu kwa Kimaa ambacho Adero hakukielewa, lakini kilimfanya Felix apige magoti. Kisha akamwendea Kisemei na kumzaba kofi lililosikika hadi zizini.

"Huyu mgeni ameniambia ukweli, nikampiga. Wewe nimekuzaa, nawe ulisimama hapo ukanyamaza. Ulitaka kunificha kama mtu mjinga."

"Nisamehe, yeiyo."

"Usiniombe mimi kwanza."

Aliinama, akaushika mkono wa Felix, akachunguza vijiti na ile tyubu nyeusi iliyozungushwa kwa ustadi. "Nani amefunga?"

"Ni mimi," Adero alisema.

"Kabla ya kuvunja, ama baada?"

Adero hakujua kama anaulizwa au anasutwa. "Baada, mama."

"Imefungwa vizuri." Mama alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, kwa makini, kama anayesoma. Kisha akaweka kiganja chake juu ya bega alilolichapa, akakiacha pale. "Inauma?"

"Inauma."

"Iko na haki kuuma. Piga jirani simu, Kisemei, alete pickup. Hatuwezi kunywa chai na mtoto amevunjika."

Mama na Felix walipanda mbele na jirani. Kisemei na Adero walikaa nyuma. Pickup iliruka mashimo, na mbuga ikapita pande zote mbili, kundi la nyumbu upande huu, mbuni watatu upande ule wakikimbia sambamba na gari bila sababu. Adero aliwatazama, hakucheka.

"Nilikosea," Kisemei alisema. "Si kwa sababu nilitaka kudanganya tu. Ni yale niliyokuambia njiani. Uliokoa shingo yangu na mimi nikakuhesabia makosa."

Adero alilishika bega lake lililochapwa.

"Niliogopa Yeiyo akukatae. Nikaogopa sana hadi nikakukataa mimi mwenyewe."

"Ilinichoma kuliko fimbo," Adero alisema.

"Najua."

"Hujui. Lakini utajua, kwa sababu nitakukumbusha."

Kisemei aligeuka haraka. Katika maneno yale alisikia miaka mingi. Hakuthubutu kuuliza. Alinyoosha mkono, na walipokaribia kuona majengo ya Kajiado, Adero aliupokea. Viganja vyote viwili vilikuwa vimechubuka, na vilibanana hivyohivyo.

Hospitalini, karani wa mapokezi aliandika jina la Felix, umri wake, na mahali anapotoka. Nyuma ya Felix walikuwa wamepanga mstari: mama, Kisemei, na Adero mwenye vumbi na damu kifuani.

"Mkono umevunjika aje?" karani aliuliza bila kuinua macho. "Ajali ya barabara?"

Kisemei alipiga hatua mbele, lakini Felix alikuwa ameshafungua mdomo. Aliufunga. Alitazama sakafu, akatazama tyubu ya baiskeli iliyokuwa imemshikia mfupa njia nzima.

"Si ajali," alisema. "Nilikuwa na makosa. Nimepigwa na rungu."

Sasa karani aliinua macho. "Na nani?"

Felix alielekeza kidevu chake nyuma.

"Na shemeji yangu. Yule."

Karani alimtazama Adero juu hadi chini. Mama alimtazama pia. Kisemei alimgeukia Adero, kwa kuwa swali lake la wiki iliyopita bado lilikuwa halijajibiwa, na mtu pekee wa kulijibu alikuwa amesimama kando yake.

"Wewe ndiye shemeji yake?" karani aliuliza.

"Ndiyo," Adero alisema. "Ni mimi."